Hali ya Hewa ya Tumbo la Shangazi

Ufunguo wa choo cha karakana ulikuwa na msumari wake ukutani, kando ya kioo kilichopasuka, lakini kwa miaka sita msumari ule ulikaa mjane. Ufunguo wenyewe uliishi ndani ya mfuko wa aproni ya Shangazi. Aliyebanwa na haja ilimpasa kwanza amwendee yeye mezani pake, asalimie, aulize habari za nyumbani kama mtu aliyelelewa, ndipo aombe. Wino, mpiga chapa, ambaye mdomo wake haukuwa na breki, alikuwa akiwaambia wageni kuwa ufunguo ule umeshaolewa, na mume wake hapendi utembeetembee.

Shangazi hakuwa shangazi wa mtu yeyote pale; jina tu lilimganda. Alikuwa mjalidi. Ukimletea kitabu kilichochoka, kurasa zinadondoka kama meno ya mtoto wa miaka sita, yeye huzishona upya kwa uzi uliopakwa nta, huzivika jalada na kuzibana kwenye shinikizo la chuma mpaka zikubali kukaa pamoja bila kugombana. Kazi hiyo aliifanya miaka thelathini na mmoja, kwenye meza ileile ya dirishani. Uzi mzuri aliujua kwa kuuvuta karibu na sikio. Karatasi aliijua kwa kidole gumba. Gundi, aliyoipika mwenyewe kila Jumatatu na Alhamisi kwenye sufuria ndogo nyeusi, aliijua imeiva kwa macho, kwa pua na kwa ncha ya ulimi, kama alivyofundishwa na mzee aliyemrithisha meza.

Mikono ilikuwa na adabu zote. Tumbo ndilo lililokosa malezi. Lilijaa upepo mpaka kamba za aproni hazikutani mgongoni. Lilinguruma katikati ya maongezi ya watu wazima. Lilimkimbiza korido nzima mara tano, mara sita kwa siku, mkono mmoja umeshika ufunguo na mwingine umeshika heshima. Mwili ukapungua, uso ukapauka, nywele zikabaki kwenye chanuo. Ngazi za karakana, ambazo ni kumi na nane tu, alizipanda kwa vituo viwili kama gari la abiria. Alikunywa dawa za minyoo mpaka minyoo, kama ilikuwepo, ikahama kwa aibu.

Mwisho alimpata daktari mmoja, mwanamke kijana ambaye Shangazi angeweza kumzaa, akampima damu, akampitishia kooni mpira wenye taa, kisha akamkalisha na kumwambia ukweli. Ndani ya ngano, alisema, na shayiri na jamaa zake, kuna kitu kinaitwa gluteni. Watu wengi hawana ugomvi nacho. Mwili wa Shangazi ukikiona unadhani nyumba imeingiliwa na mwizi, unapiga ovyo gizani, na vinavyoumia ni kuta za utumbo wenyewe. Dawa ya kumeza hakuna. Dawa ni kuacha, na kuacha kwenyewe ni maisha, hata chembe isiingie.

Shangazi aliuliza je, biskuti moja tu, ya chai, Jumapili. Daktari akasema hata hiyo. Akauliza je, kuinusa. Daktari akasema kuinusa, ruksa.

Akapewa likizo ya wiki tatu. Nyumbani aliishi na mumewe, fundi saa mstaafu, mtu wa maneno machache yaliyopangwa vizuri, na wifi yake, dada wa mumewe, ambaye ndiye mwenye jiko. Wiki hizo tatu wifi alikuwa kwa binti yake aliyejifungua, kwa hiyo Shangazi alijipikia: wali, viazi, mayai, maharage, samaki, mboga. Mkate aliupa kisogo. Siku nne za kwanza alinuna na kuota mikate. Siku ya tisa alilala kifudifudi usiku kucha, jambo ambalo tumbo halikuwa limemruhusu kwa miaka. Siku ya kumi na mbili choo chake kikawa choo cha watu, chenye sura na msimamo, naye akamwita mumewe aje aone. Mume alikataa kwa heshima, akasema anamwamini.

Alirudi kazini Jumatatu, akapanda ngazi zote kumi na nane bila kituo, akautoa ufunguo mfukoni mbele ya watu wote na kuutundika kwenye msumari. Wino akauliza kama ndiyo talaka. Shangazi akamwambia asubiri aone.

Jumanne mchana alikwenda kuuchukua mwenyewe, kimyakimya, akikwepa macho ya watu. Ijumaa tena. Kufika wiki ya pili ufunguo ulikuwa umesharudi mfukoni, na Wino, kwa mara ya kwanza tangu azaliwe, hakusema kitu. Hilo lilimuuma Shangazi kuliko tumbo.

Na huu haukuwa wakati wa kuumwa. Alipokuwa likizo, karakana ilipokea kazi kubwa. Mkutubi wa maktaba ya mji alileta rekodi za mvua za miaka sitini, zilizoandikwa kwa mkono siku baada ya siku na watu waliokuwa wakipima maji kwenye chupa: karatasi zimekauka kama majani, za kujazwa kwenye juzuu kumi na mbili. Alitaka zishonwe kwa mkono, maana mashine ingekula pambizo na tarakimu zake. Na alitaka gundi ya unga, siyo ya chupa ya kiwandani, ili miaka hamsini ijayo mtu akitaka kuzifungua aloweshe kwa maji tu zilegee bila kuchanika. Zikabidhiwe tarehe thelathini ya mwezi uliofuata. Wiki sita.

Mwenye karakana wote walimwita Kalenda, kwa sababu hakuweza kumaliza sentensi bila tarehe. Hakuwa mtu mbaya. Lakini katika droo yake alikuwa na kitabu cha picha za mashine za kujalidi, na mashine aliyoipenda zaidi ilikuwa na upana uleule wa meza ya Shangazi. Ijumaa ile ya pili alikuja na futi kamba akaipima meza, urefu na upana, Shangazi akiwa amekaa palepale, hata akamwomba anyanyue kiwiko. Halafu akasema bila ukali: juzuu kumi na mbili zikiwa tayari tarehe thelathini, meza inabaki. Ikipungua moja, tarehe mosi mashine inaingia, na Shangazi atahamia kaunta ya chini kuuza bahasha, au akapumzike nyumbani, uamuzi ni wake.

Bahasha! Miaka thelathini na mmoja, aende kuuza bahasha. Shangazi alisubiri Kalenda aondoke, akainuka polepole, halafu haraka, halafu mbio.

Jioni hiyo alichukua vipande vya karatasi vilivyobaki, akavishona kijitabu cha ukubwa wa kiganja, akaanza kuandika hali ya tumbo lake kwa alama zilezile alizokuwa akiziona kwenye rekodi za mvua. Jua, siku njema. Wingu, upepo na manung'uniko. Matone matatu, korido. Radi, korido bila kuwahi. Baada ya wiki nyingine alikaa kitandani, akavaa miwani, akasoma kama mkaguzi. Jumapili jua. Jumatatu jua. Jumanne radi. Jumatano matone. Alhamisi wingu linaondoka, karibu jua. Ijumaa radi. Jumamosi matone. Na Jumapili tena jua, kana kwamba hakuna kilichotokea.

Shangazi alivua miwani. Jumatatu usiku na Alhamisi usiku ndizo siku wifi alipopika mchuzi wake mzito. Na likizoni, alipokuwa mzima kama kigori, nani hakuwepo? Wifi. Na matatizo yalirudi lini? Juma lilelile wifi aliposhusha mizigo mlangoni.

Wifi alikuwa na sifa ya mchuzi mtaa mzima, na siri ya uzito wake ilikuwa kijiko kimoja cha unga wa ngano. Daktari aliposema, wifi aliapa ameacha. Alimtengea Shangazi sufuria yake, akaifunga uzi mwekundu kwenye mpini, na sifongo yake ya kuoshea. Lakini mtungi wa unga ulibaki rafuni, kwa sababu wifi aliwaokea majirani keki kwa oda. Sasa Shangazi akawa anautazama mtungi ule kama mke anavyotazama simu ya mumewe iliyolala kifudifudi.

Alirudi kwa daktari na kijitabu chake. Daktari alikisoma kwa makini, akacheka kidogo kwenye radi, kisha akauliza maswali mengi. Sufuria? Ya peke yake. Kisu, ubao, mafuta ya kukaangia? Ya peke yake. Vidonge, dawa ya meno, rangi ya midomo? Aliangalia vyote. Kuna kitu kingine chochote kinachoingia mdomoni? Hakuna, alisema Shangazi, ila mkono wa wifi yangu. Daktari akauliza anafanya kazi gani. Akasema anajalidi vitabu. Basi vitabu haviliwi, alisema daktari, na wote wawili wakacheka.

Shangazi hakutaka kumshtaki mtu bila ushahidi. Wifi alikuwa mkubwa kwake kwa miaka minne, na ana machozi ya karibu. Akaamua kumtega kifundi. Angebandika utepe wa karatasi nyembamba juu ya kifuniko cha mtungi, karatasi ile ya kutengenezea kurasa zilizochanika, nyembamba hata ukiipumulia inatikisika. Mtungi ukifunguliwa, hata kwa ujanja gani, utepe unachanika. Jumatatu usiku mchuzi, Jumanne radi, na utepe umekatika: kesi imekwisha.

Jumapili alasiri, wifi akiwa uani anaanua nguo, Shangazi aliingia jikoni. Gundi alikuwa ameiacha karakana. Haidhuru. Akachota vijiko viwili vya unga kwenye mtungi uleule wa mtuhumiwa, akaukoroga na maji ya moto kwenye mkebe, akauweka motoni. Alikuwa amegeukia jiko na anaimba puani wifi alipoingia na kapu la nguo.

"Unapika nini, wifi?"

"Gundi kidogo. Ya kazi."

Wifi akaweka kapu chini. Gundi ilikuwa inaanza kung'aa. Shangazi akaigusa kwa ncha ya kidole, akakipeleka kidole ulimini, akafumba macho, akasikiliza. Bado. Akakoroga kidogo, akagusa tena, akalamba tena.

"Na hicho unacholamba?"

"Naangalia kama imeiva. Ikiwa mbichi ulimi unasikia unga."

"Unasikia unga," alirudia wifi polepole. Akautazama mtungi uliokuwa wazi mezani, na kijiko cheupe kando yake. "Unga upi, wifi?"

Kidole cha Shangazi kilikuwa bado kimesimama hewani kama cha mwanafunzi anayeomba ruhusa. Miaka thelathini na mmoja, kila Jumatatu, kila Alhamisi, mara tatu nne kwa kila sufuria. Na uzi, anaulainisha ncha kwa mate kabla ya kuutia sindanoni, kwa vidole vilevile vilivyojaa gundi. Na kurasa, anazifunua kwa kidole alicholamba.

"Gundi si chakula," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo.

"Tumbo lako limeambiwa?"

Wifi alianza kucheka akiwa amesimama, akaendelea akiwa amekaa, akamalizia akiwa amejiegemeza kwenye kapu la nguo anapangusa macho na shuka safi. Alimwita kaka yake. Fundi saa alikuja, akasimama mlangoni, akautazama mkebe, akamtazama mkewe, kisha macho yake yakatua kwenye utepe wa karatasi uliokatwa vizuri kwa kipimo cha kifuniko. Alikuwa mtu aliyezoea vitu vidogo. Alielewa kabla ya dada yake, akataka kuondoka.

"Na hii karatasi?" aliuliza wifi, bado anacheka. "Hii ya nini?"

Shangazi angeweza kudanganya, uwezo huo alikuwa nao na alikuwa maarufu kwa huo. Lakini alisema. Kicheko cha wifi kikakatika kama uzi uliooza. Akainuka, akakunja shuka moja, akakunja la pili. Kisha akasema, bila kumtazama, kwamba wiki hizi zote ameosha sufuria ile kwa sifongo yake, amesuuza mara tatu, amewapikia watu mchuzi mwepesi kama maji ya kuoshea mchele, majirani wameonja na kumwuliza kama anaumwa. Yeye! Mchuzi wake! Na hakusema kitu, kwa sababu alidhani anamponya mtu.

Shangazi akaomba radhi. Wifi akasema amesikia, ila maneno ya mdomo ya Shangazi anayajua, yana mifuko mingi. "Hii nitaitaka kwa maandishi," alisema, akabeba kapu lake.

Jumatatu Shangazi alifika karakana juzuu nne zikiwa tayari, nane zimebaki, na siku kumi na tisa. Alimweleza Kalenda kwamba gundi ya ngano basi. Kalenda akaguna, mkono ukagusa mfuko wenye futi kamba. Shangazi akasugua meza yake kwa maji ya moto na sabuni, akatupa brashi, akatupa uzi wa zamani, akaipeleka ile sufuria nyeusi kwa muuza vyuma chakavu. Akanunua unga wa mchele, akapika.

Sufuria ya kwanza ilitoka na madonge kama mboni za macho. Ya pili ikawa maji. Ya tatu ilikubali kupakwa, ila ilipokauka ilibanduka kwenye mgongo wa juzuu vipandevipande. Jumatano jioni Shangazi alirudi nyumbani na kopo la ile ya tatu. Hapo wifi alikuwa hajamsemesha kwa siku tatu ila kwa kupitia kaka yake, ambaye alibeba ujumbe kutoka kiti hadi kiti, neno kwa neno, bila kuongeza wala kupunguza. Shangazi aliliweka kopo mezani mbele ya wifi. Wifi alijizuia kadiri alivyoweza. Lakini mtu aliyekoroga mchuzi miaka arobaini hawezi kutazama donge akanyamaza.

"Umetia unga kwenye maji ya moto," alisema.

"Ndivyo nifanyavyo na ngano."

"Mchele si ngano."

Asubuhi iliyofuata wifi alizipanda ngazi kumi na nane, akizilaani moja moja, ana mwiko wake, chujio lake na aproni yake mwenyewe. Wino alimpisha kwenye kona. Wifi akalowesha unga kwenye maji ya baridi, akauacha ukae wakati akikagua karakana na kuiona chafu, akauchuja mara mbili, akauweka kwenye moto mdogo sana, akakoroga upande mmoja tu, hana haraka, mpaka weupe ukafa na sufuria ikawa kama imejaa kioo. Akamtazama Shangazi. "Lamba sasa," alisema. "Hii lamba mpaka uchoke."

Shangazi akalamba. Haikuwa na ladha yoyote. Ilikuwa tamu sana.

Mkutubi alipelekewa kipande kilichogundishwa, akakilowesha kwenye bakuli, akatazama saa, gundi ikaachia karatasi taratibu bila kuchana hata unyuzi mmoja. Akasema hii ni bora kuliko ile. Jumatano iliyofuata kijitabu kilikuwa na majua sita mfululizo, na Shangazi akashona juzuu tatu kwa siku tano, kiasi ambacho hakuwa amekifikia tangu alipokuwa na kiuno. Mashavu yakajaa. Kamba za aproni zikakutana mgongoni zikafungwa fundo la maua. Kuna asubuhi moja alipanda ngazi, akafika juu, akakumbuka amesahau mwavuli, akashuka na kupanda tena kwa kujionyesha. Mwavuli haukuwa umesahauliwa.

Ndipo, siku tano kabla ya tarehe thelathini, zimebaki juzuu mbili, radi ikapiga.

Ilipiga asubuhi na mapema, mbele ya Kalenda, na korido ikawa ndefu kama zamani. Shangazi alikaa mle chooni ameshika kichwa. Alikuwa ameamini kuwa amepona, na kumbe. Akilini alimwona mtu wa mashine akipanda ngazi. Aliziona bahasha. Aliwaza ya kwamba huenda tatizo halikuwa gundi hata kidogo, ni yeye tu, amezeeka, ameoza ndani kama kitabu kilichonyeshewa.

Kisha akakasirika, na hasira ilimsaidia. Aliosha uso, akarudi mezani, akaketi mbele ya vifaa vyake, akakiuliza kimoja kimoja: wewe umeingia mdomoni mwangu? Sindano, mpya. Uzi, mpya. Mfupa wa kukunjia karatasi, umechemshwa. Akafika kwenye brashi ndogo ya yule mzee aliyemfundisha. Zote alizitupa, hiyo hakuweza. Aliiosha manyoya vizuri. Lakini jana, mikono yote miwili ikiwa imeshika jalada, aliishika kwa meno, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Akaugeuza mpini wake kwenye mwanga wa dirisha. Ulikuwa umevaa ganda la gundi kavu la miaka arobaini, gumu, la manjano, na katikati kuna alama za meno: za mzee upande mmoja, za kwake upande mwingine.

Alicheka peke yake. Brashi akaifunga ndani ya karatasi na kuitundika juu kabisa ukutani, pasipofikika bila ngazi. Akamtuma Wino kumwambia wifi kwamba ni brashi. Siku nzima na nusu ilipotea kwa matone na mawingu. Lakini safari hii haikumtisha, kwa kuwa aliijua ilikotoka na alijua itaondoka. Aliumwa huku anashona. Wifi alikuja akapika gundi, akashika ncha za uzi, akasimamia shinikizo kama anasimamia sufuria, akimkemea kila kidole kilipokaribia mdomo kwa mazoea. Wino alikunja karatasi wakati wa chakula chake cha mchana na kudai alikuwa anapita tu.

Tarehe thelathini, saa nne asubuhi, mkutubi alifika na mkokoteni. Kalenda alikuwa amevaa tai. Mkutubi alichukua juzuu ya saba, akaiweka mezani, akaifungua katikati, akaondoa mikono. Kitabu kililala wazi, kimetulia, bila kujifunga na bila kulia. Akasoma kwa sauti mvua ya siku moja ya miaka mingi iliyopita: matone machache, alfajiri, kisha jua. Akafunga. Akasema maktaba ina magazeti ya zamani chumba kizima, na kwamba angependa mikono hiihii. Kalenda akajibu kwamba meza ipo, ilikuwepo, na itakuwepo, akataja na tarehe. Kisha, kwa kuwa alipenda hesabu kamili, akazihesabu juzuu kwa kidole, na kidole kikasita.

"Kumi na tatu," alisema.

Ile ndogo, Shangazi akamwambia, si ya mvua. Akaitoa kwenye rundo. Ilikuwa na ukubwa wa kiganja mara mbili, jalada la kipande cha ngozi nyekundu alichokuwa amekiweka miaka kumi akingoja kazi inayostahili, pembe zimekunjwa kwa ustadi wake wote, gundi ya mchele. Akamkabidhi wifi, aliyekuwa ameketi kwenye stuli na mwiko mapajani. Wifi alifungua ukurasa wa kwanza. Palikuwa na mstari mmoja kwa mwandiko wa kalamu ya wino: Wifi hakutia unga. Chini yake sahihi, na tarehe. Kurasa nyingine zote zilikuwa tupu.

Wifi aliusoma mstari ule kwa muda mrefu kuliko urefu wake.

"Herufi ungeziongeza ukubwa kidogo," alisema. "Watu wengine hawana miwani."

Kitabu kile kinakaa rafuni jikoni, kando ya mtungi wa unga, na mgeni hanywi chai kabla hajakisoma. Mchuzi wa wifi umerudia uzito wake, kwa unga wa mchele, na majirani wanasema siku zile alikuwa anaumwa kweli.

Mwezi uliofuata, asubuhi moja Shangazi akishona magazeti, Kalenda alikuja mezani amesimama kwa namna ya ajabu, magoti yamekaribiana. Jana yake alikuwa harusini na alikula bila kipimo. Alisalimia. Akauliza habari za nyumbani, za mume, za wifi. Shangazi alijibu kila moja kwa ukamilifu, akaongeza na habari za mjukuu wa wifi, ambaye sasa anakaa. Kitabu cha picha za mashine kilikuwa chini ya mguu mmoja wa meza, uliokuwa mfupi tangu zamani, na meza haikuwa ikitikisika tena. Kalenda akanyoosha mkono, kiganja juu.

Shangazi akaupiga mfuko wa aproni yake, mtupu, ukalala bapa. Kisha kwa sindano, bila kuinua macho kutoka kwenye kazi, akamwonyesha ukutani, kando ya kioo.

"Upo kwenye msumari," alisema. "Leo ni siku yake ya ishirini na sita hapo. Iandike."